Paja Nililomwahidi Compadre

Kwa aliyekosa gazeti la Jumapili iliyopita, balaa langu lilifikia hapa: mrushaji wa timu ya Barahona alimvunja taya Wilkin Polanco, mpigaji wetu bora, kwa mpira ambao hata kipofu angeapa ulikusudiwa. Polanco amelazwa, meno yamefungwa waya, anakunywa supu kwa mrija. Na kwenye besiboli ya huku kwetu kuna sheria ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaijua. Wakimpiga mkubwa wenu, na ninyi mnampiga mkubwa wao.

Mkubwa wa Barahona ni Nicanor Cuevas.

Nicanor Cuevas ni compadre wangu.

Anayetaka kucheka na acheke. Ninyi mnaoniandikia kila wiki mkisema nina gundu, leo nawaunga mkono. Wamarekani walinirudisha nyumbani na goti bovu, nikanyamaza. Kimbunga kikaezua paa langu, nikanyamaza. Hili la leo sinyamazi, potelea mbali.

Nicanor ndiye aliyemshika binti yangu Daneiris kwenye maji ya ubatizo, na hilo ndilo lililotufanya compadre. Tangu siku ile hatuitani majina, hatutukanani hata kwa utani, hatugombani. Kwetu Azua wanasema compadre akimwaga damu ya compadre mwenzake, hata mtakatifu wake humgeuzia kisogo. Mimi si mtu wa kanisa sana, lakini hilo naliogopa.

Sasa nisikilizeni.

Jumamosi baada ya mazoezi, kocha mkuu aliniita pembeni. Anaitwa Mulo, nyumbu, na jina hilo hakulipata kwa sura.

"Evaristo, kesho Barahona unaanza wewe."

"Sawa, bosi."

"Na Nicanor ni wako."

Nilijifanya sikuelewa. "Wangu kivipi?"

"Usinichezee. Polanco anakula kwa mrija, na wewe unaniuliza kivipi?"

"Bosi, yule ni compadre wangu. Nchi nzima inajua."

"Ndiyo maana nakupa wewe! Wakiona umempiga compadre wako, watajua Azua hatuna mchezo."

"Mpe mtu mwingine, nakuomba."

"Nitampa." Akatabasamu, na nikajua nimekwisha. "Nitampa Yeuri."

Yeuri ni kijana wetu mpya. Mkono wake ni bunduki, shida ni kwamba hajui inaelekea wapi. Mwezi uliopita alimgonga mwamuzi begani. Wiki iliyofuata mpira wake ulipaa mpaka jukwaani ukamwaga karanga zote za muuza karanga. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini.

"Nikimwambia Yeuri apige paja," Mulo akaniuliza, "unadhani atapiga nini?"

Nikakumbuka karanga zile.

"Haya, chagua. Na ukikataa, jezi yangu uiache kwenye msumari."

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nilikubali. Nikajiambia, mimi nitampiga pajani kistaarabu, atoke na alama ya bluu, aweke barafu, yaishe. Nilidhani nimekuwa mjanja.

Jumapili basi letu lilifika Barahona kabla ya saa sita. Wenzangu wakaenda kulala, mimi nikaenda moja kwa moja kwa Nicanor. Comadre Nurys, mkewe, alikuwa ameshapakua wali wa mbaazi na nyama ya mbuzi, maana kwao sijawahi kupita nikaondoka na njaa.

"Kaa, compadre," akaniambia. "Mbona umekonda? Mkeo, comadre Minerva, amegoma kupika?"

"Anapika, comadre. Mimi ndiye nyama hazinishiki."

"Basi leo utakula mpaka zishike."

Nilikula vijiko viwili, nikabaki kuusogeza wali pembeni ya sahani. Nicanor aliniangalia, akaweka uma wake chini. Kifundo chake cha mguu kilikuwa kimefungwa bandeji.

"Sema, compadre. Hukuja kwa ajili ya wali."

Nikasema. Nilimweleza yote, ya Mulo, ya Yeuri, ya jezi kwenye msumari. Nurys akabaki amesimama na sufuria mkononi.

"Kwa hiyo nitakupiga," nikamalizia. "Samahani, compadre. Nitakupiga pajani."

Nicanor akaangua kicheko. "Paja lipi?"

"La kushoto, lile linalonitazama. Mpira wa kwanza kabisa. Ukiona naachia tu, geuka unipe nyama ya nyuma. Utapewa besi ya bure, utanitukana kidogo watu wafurahi, basi."

"Nikutukane wewe compadre? Nitamtukana Mulo."

"Ehe! Hapo sawa."

"Hebu ngojeni kwanza!" Nurys akatua sufuria kwa kishindo. "Mnakaa mezani kwangu mnapanga mtu apigwe kama mnapanga kuchinja kuku?"

"Comadre, hii ni kumnusuru."

"Unamnusuru kwa kumpiga! Wanaume mna akili za ajabu. Na ukikosea?"

Nikajivuna, Mungu anisamehe. "Sijawahi kukosa paja la mtu, comadre. Mkono huu ulikosa mengi Marekani, lakini paja, la."

"Mwache, Nurys," Nicanor akasema. "Akisema paja, ni paja. Neno la compadre ni neno."

Nurys aliondoa sahani yangu ikiwa bado imejaa, na hajawahi kunifanyia hivyo.

Jioni, uwanja ulikuwa umefurika. Watu wa Barahona hawajui kunong'ona. Nilipopanda kwenye kilima, pale anaposimama mrushaji, wakaanza.

"Evaristo! Goti lako linakusalimu!"

"Mbuzi hao! Leo tunakula supu ya mbuzi!" Maana sisi wa Azua timu yetu inaitwa Chivos, mbuzi, na kila uwanja tunapokwenda tunapikwa.

Sikuwasikiliza. Macho yangu yalikuwa kwenye ubao wa majina ya wapigaji. Nikasoma mara ya kwanza. Nikasoma tena. Jina la Nicanor halikuwepo! Kifundo kimemweka benchi!

Naapa nilitamani kupiga magoti. Nilimshukuru Bikira wa Altagracia hapohapo, nikaushika mpira, na niseme nini, mkono ukarudi kuwa wa ujana. Nilirusha vizuri mno. Walikuja mmoja baada ya mwingine, nikawarudisha mmoja baada ya mwingine. Hata wale wa supu ya mbuzi wakaanza kunywea.

Tukaingia ungwe ya tisa, ya mwisho, tuko mbili kwa mbili, wao wanapiga. Nimeshawatoa wawili. Bado mmoja tu.

Hapo ndipo gundu langu lilipoamka. Mmoja akagusa mpira ukabingirika polepole, mwenzetu akauokota, akaudondosha. Wa pili akapiga wa juu, ukaanguka katikati ya wenzetu wawili wanaotazamana. Wa tatu nikampa besi ya bure mimi mwenyewe, kwa mipira mibovu. Besi zote tatu, vile vituo vya kukimbilia, zikajaa watu wao.

Uwanja ukasimama. Nikageuka kuangalia kuna nini.

Nicanor alikuwa anatoka benchi, anachechemea, gongo la kupigia begani.

Sikuwa nimemeza mate bado, Mulo akawa ameshafika kwenye kilima. Braulio, mdakaji wetu, akaja mbio na mapedi yake.

"Amri imefutwa," Mulo akasema.

"Imefutwa?"

"Una kichaa? Ukimgonga anapewa besi, anawasukuma wenzake wote, wa besi ya tatu anaingia. Mechi imekwisha. Nataka straiki. Mpira wa kwanza, katikati ya sahani ya mpigaji, kabla hajatulia. Yeye tutampiga siku nyingine."

Akaondoka. Nikamshika Braulio mkono.

"Braulio, nifanyie jambo moja. Ukichuchumaa pale, mnong'oneze compadre wangu. Mwambie haiji."

"Haiji nini?"

"Mwambie tu haiji. Ataelewa."

Braulio akainua barakoa yake. Yeye si mjinga. "Ulimwambia," akasema taratibu. "Ulimwambia kwamba utampiga."

"Ilikuwa kumnusuru."

"Na sasa unataka mimi nimwambie mpigaji wao, besi zimejaa, kwamba tunamletea straiki katikati? Hiyo inaitwaje, Evaristo? Hiyo ni kuuza mechi. Watu wamefungiwa maisha kwa madogo kuliko hayo."

"Braulio..."

"Sikusikia ulichosema. Na wewe hukusema." Akashusha barakoa yake.

"Mnapika nini hapo?" mwamuzi akapaza sauti. "Chezeni!"

Basi niambieni ninyi, wajuzi wa kila kitu, ningefanya nini. Nikimwonya compadre, naiuza timu. Nisipomwonya, naila ahadi niliyoitoa mezani kwake, nyama yake ikiwa mdomoni mwangu.

Nicanor akajipanga. Akanitikisia kichwa kidogo, yaani yuko tayari.

Nami nikatikisa kichwa, la. Nikatikisa kwa nguvu, la, la. Braulio akadhani naikataa ishara yake ya mpira gani nirushe, akanipa nyingine. Nikatikisa tena nikimkodolea macho Nicanor. Naye si alifikiri hivyohivyo! Mrushaji gani hatikisi kichwa? Ndiyo kazi yetu.

Nikarusha.

Mpira ulikuwa haujafika hata nusu ya njia, Nicanor akageuka. Akaipa Barahona nzima uso, mimi akanipa mgongo, paja limekaa sawa kama nilivyomwomba. Mpira ukapita katikati kabisa ya sahani.

"Straiki!"

 Ukaanza mguno, unapanda safu kwa safu. Mpigaji mkubwa wa Barahona ameupa mgongo mpira wa kuokota!

"Ulikuwa unakimbia nini, Nicanor?" mtu akapiga kelele.

"Wamepanga hao! Si ni compadre wake?"

Nicanor aligeuka polepole. Sijawahi kuona uso ule. Haukuwa wa hasira kwanza, ulikuwa wa mtu anayetafuta kosa lake liko wapi. Halafu akalipata.

"Evaristo," akaniita.

Hakusema compadre. Aliniita Evaristo mbele za watu, kama mtu wa barabarani. Ilinichoma hapa, na sioni haya kulisema.

Nilitaka kupiga kelele kwamba sikumlaghai. Kwamba mchezo umebadilika, ahadi sikuibadilisha mimi. Badala yake nikafanya upumbavu mwingine. Mpira wa pili niliutupa nje makusudi, mbali, ili angalau tuwe sawa, nimrudishie alichoibiwa.

Braulio alilazimika kujirusha kuuzuia. Akanijia amefura.

"Nilikuomba ndani, umetupa Haiti!"

"Umeteleza."

"Umeteleza au unamwomba radhi?"

"Rudi ukadake, Braulio."

"Tazama kwanza kule," akasema.

Nikatazama. Pembeni ya uwanja Yeuri alikuwa amevua koti, anapasha mkono. Mulo alikuwa amesimama kando yake, ameniinulia kidole kimoja. Nilielewa. Mpira mmoja zaidi wa kijinga, na kijana anaingia.

Na tazama Nicanor amesimamaje sasa. Hasira zimempandisha mpaka juu ya sahani, kifua chake karibu kiko ndani ya njia ya mpira. Hanitegemei tena kwa lolote. Yeuri arushe mpira mtu akiwa amesimama pale? Hapana. Hapana kabisa. Lazima nimalize mimi.

Braulio akaomba mpira wa ndani, karibu na mwili. Mpango wa kawaida. Mpigaji akikusogelea hivyo, unampitishia karibu, anarudi nyuma, unapata nafasi yako. Atarudi nyuma, nikajiambia. Kila mtu hurudi nyuma.

Nikafuta mkono kwenye suruali. Nikafuta tena. Jasho lilikuwa halikauki.

Nikarusha, na vidole vikaniambia mapema kuliko macho. Mpira uliponyoka.

"Geuka!" nilipiga ukelele. "Compadre, geuka!"

Aliusikia. Nina hakika aliusikia, kwa sababu alinitazama. Lakini alikuwa ameshageuka mara moja kwa neno langu, akaaibishwa mbele ya mji wake. Safari hii alisimama.

Mpira ulimpata chini ya kofia ngumu, pale taya linapokutana na sikio. Mlio wake sitaueleza. Alianguka kifudifudi, na gongo likabingirika mpaka miguuni kwa Braulio.

Na kutoka pembeni ya uwanja, upande wetu, sauti ya Yeuri ikasikika inachangamka:

"Taya kwa taya! Hivyo ndivyo, mzee!"

Hapo nikajua kila mtu atakavyoliona. Polanco alipigwa taya, Nicanor amepigwa taya. Nani mwenye akili zake angesema ni bahati mbaya? Mipira yote niliyokusudia siku ile hakuna aliyeniuliza habari zake. Huu mmoja ambao sikuukusudia, watu elfu waliuona kwa macho yao.

Mchezaji wao aliyekuwa besi ya tatu akaja mpaka kwenye sahani anatembea, wala hakushangilia. Tumeshindwa. Wenzake Nicanor walitoka benchi wanakuja juu yangu, sikukimbia, lakini walipompita pale chini wakasimama mmoja mmoja. Hakuwa anajigeuza.

Nikaenda. Daktari wa timu yao amepiga magoti, taulo limelowa. Polisi nao walikuwa wameshaingia uwanjani, mbele yao luteni mmoja mnene mwenye masharubu, Luteni Matos.

"Nani alimwamuru huyu?" Luteni akauliza.

Mulo hata hakupepesa macho. "Mimi nilimwamuru arushe straiki. Muulize mdakaji."

Braulio akatazama viatu vyake. "Ni kweli. Aliambiwa straiki."

Na ilikuwa kweli! Hilo ndilo lililoniua. Hakuna aliyesema uongo pale.

"Luteni," nikasema, "mpira uliteleza. Naapa kwa binti yangu. Yeye ndiye aliyemsimamia binti yangu ubatizo, nawezaje..."

"Nipisheni."

Nurys alikuwa amepita geti la uwanja bila kuzuiwa na mtu. Hakuwa analia. Aliinama, akamgusa mumewe shingoni, akakaa hivyo mpaka akaridhika kwamba anapumua. Kisha akanyanyuka.

"Comadre," nikaanza.

"Usiniite." Akamgeukia Luteni. "Mtu huyu alikuja kwangu mchana. Alikula chakula changu. Akaniambia kwa mdomo wake kwamba leo atampiga mume wangu kwa mpira."

Uwanja mzima sijui ulisikiaje, lakini ulisikia. Mguno ukapita mpaka kwenye taa.

"Comadre, nilisema paja! Mwambie nilisema paja!"

"Alisema paja, ni kweli," Nurys akasema. "Sitamsingizia. Lakini mimi, Luteni, hata shule sikumaliza, na paja na kichwa najua kuvitofautisha."

Mdomo uliponza kichwa. Ile siri niliyoivunja ili nimwokoe compadre ndiyo sasa inayonifunga. Ningemeza maneno yangu pamoja na wali ule, leo ningekuwa mzee mwenye mkono mbovu tu.

Luteni Matos akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya kahawa yake.

"Sitaki hadithi ya paja. Nataka neno moja. Ulisema utampiga, au hukusema?"

Nyuma yake nilimwona Mulo ananitikisia kichwa, kidogo sana. Yaani, kataa. Neno lako dhidi ya la mwanamke mwenye uchungu. Braulio naye ananitazama vilevile. Ilikuwa rahisi kabisa. Sikusema, Luteni, comadre amechanganyikiwa, msameheni.

Nikamtazama Nurys. Alikuwa ananingojea, na nadhani bado alitaka kujua jambo moja juu yangu.

"Nilisema," nikajibu.

Machela ikanyanyuliwa. Mkono wa Nicanor uliteleza ukaning'inia, Nurys akaushika akaurudisha kifuani pake, akaanza kutembea sambamba naye kuelekea gari la wagonjwa.

"Basi mchukueni," akamwambia Luteni, bila kunigeukia.